Mashine ya Msasa kwa Sakafu ya Mbao

Mwenye sakafu ya mbao iliyoharibika mara nyingi hukodi mashine ya msasa iliyo kubwa kuliko zote, akidhani nguvu ndiyo kazi. Kwanza na autazame unene wa mbao zake penye kizingiti cha mlango. Ikiwa zimekwisha kupigwa msasa mara nyingi, hata vichwa vya misumari vimetokeza, mashine kubwa haifai kabisa.

Mashine hiyo ina pipa dogo linalozunguka, lililovishwa msasa. Ni ya sakafu yenye mikwaruzo mirefu, au ya mti mgumu kama muhugu. Lakini ikisimama mahali pamoja nukta chache tu huchimba shimo, wala hakuna vanishi ya kulificha. Basi anza kutembea kabla hujalishusha pipa, ufuate nyuzi za mbao, ukalinyanyue kabla hujasimama. Kwa mikwaruzo midogo ni heri mashine ya bamba linalotikisika. Ni ya polepole, na fundi mwenye haraka huidharau, bali haichimbi. Kandokando ya ukuta hutumiwa mashine ndogo ya kisahani.

Misumari yote ipigwe ndani kwanza, maana mmoja tu hupasua msasa. Anza na msasa nambari 40, kisha 60, kisha 100; ukiruka mmoja, alama za ule wa kwanza zitaonekana vanishi ikishapakwa. Tena funga pua na mdomo: vumbi la mbao, hasa la mvule, hudhuru kifua.