Dari ya Gari Inapoanguka

Baba mkwe wangu anayo Jaguar XJ6 ya mwaka 1985, naye huitunza kama mboni ya jicho lake. Mwezi uliopita kitambaa cha dari yake kilining'inia hata kikaziba kioo cha nyuma, nasi tukanusurika kumgonga mwendesha baiskeli.

Fundi wa kwanza alikipaka gundi kikarudi juu. Hazikupita siku tatu kikashuka tena. Kumbe kati ya kitambaa na ubao wa dari mna sponji nyembamba, ambayo kwa joto na umri huoza ikawa unga. Na gundi haishiki unga.

Ilitubidi tufungue vizuia-jua, vishikio na taa, kisha tuutoe ubao mzima mlangoni, watu wawili, bila kuukunja, maana ukivunjika ni balaa jingine. Kazi iliyotuchosha hasa ni kuisugua sponji yote kwa burashi laini, pua tumezifunga, hadi ubao ukatakata. Nunua kitambaa chenye sponji yake mgongoni, pamoja na gundi inayostahimili joto. Ile ya kawaida huachia gari likishinda juani. Paka pande zote mbili, ngoja ianze kunata, kisha tandaza kitambaa kuanzia katikati kuelekea kingoni, ukikilaza kwa kiganja polepole. Acha ziada ya kukunjia nyuma ya ubao.

Rangi ya awali hatukuipata. Mzee ameridhia kijivu. Mama mkwe bado ananung'unika.