Simu Inajua Kifaransa, Wewe Je?

Nimekaa kwenye ngazi za hosteli hapa, na leo nina dukuduku, lazima nilitoe.

Kuna msemo umeingia chuoni: "Kusoma lugha siku hizi ni kupoteza muda, kila kitu kipo kwenye simu." Jana mwenzangu wa chumba kanirushia tena, mimi ninayesoma Kifaransa. Nilicheka, ila iliniuma. Maana muhula uliopita na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilitaka kumwomba mwalimu wa Kifaransa aniongezee muda wa kazi. Nikaandika Kiswahili, nikabonyeza, nikakopi, nikapesti, nikatuma. Dakika mbili tu. Madam akanijibu kwa upole: mbona unaniita "tu" kama mshikaji wako? Jamani, aibu niliyoiona! Kwa Kiswahili, "naomba unisaidie" namwambia mama, namwambia na rafiki. Heshima tumeshaimaliza kwenye shikamoo. Kwa Kifaransa heshima imo kwenye "vous". Mashine haikujua namwandikia nani, na mimi sikujua imeandika nini. Yaani nimetuma barua nisiyoweza kuisoma, na jina langu liko chini!

Si hilo tu. Chukua sentensi "yeye ni daktari". Kiswahili hakisemi ni mwanamke au mwanamume. Kifaransa lazima uchague, "il" au "elle". Usipojua lugha, mashine inakuchagulia, na dada yako daktari anaweza kugeuka kaka hivi hivi unaangalia.

Msinielewe vibaya, sipingi teknolojia. Google Translate ilianza 2006, Kiswahili kikaingia 2009, ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022, na tafsiri zimekuwa nzuri kweli. Hapo ndipo penye mtego! Zamani tafsiri mbovu ilijionyesha yenyewe, unaiona unashtuka. Siku hizi kosa limevaa suti.

Basi simu tuiachie kazi gani? RFI wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi. Mimi nasikiliza nikiwa foleni ya chakula. Bando ni lile lile unalomalizia kwenye vichekesho. Najirekodi, najisikiliza, najicheka, narudia. Nikiandika, naandika mwenyewe kwanza na makosa yangu yote, ndipo naiuliza mashine nimekosea wapi na kwa nini. Mashine ni ile ile. Tofauti ni nani anafanya kazi. Ukimtuma mtu akale kwa niaba yako, atashiba yeye.

Wiki ijayo tuna mtihani wa mazungumzo. Simu zinabaki nje, unaingia wewe na mdomo wako. Wale wa "kila kitu kipo kwenye simu", tutaonana mlangoni.

Naomba kuwasilisha. Ngoja nikajirekodi.