Risasi Kwanza, Mtutu Baadaye

Mtu anayeagiza bunduki ya hewa kwa fundi aghalabu huanza kuuliza juu ya mti wa kitako. Hilo ni pambo. Lililo zito ni kipenyo cha mtutu, kwani mtutu ukishatobolewa na kukatwa mifuo yake ya ndani hapana kurudi nyuma. Aliyekosea hununua mwingine.

Jeshi la Austria lilichagua kipenyo kikubwa. Bunduki ya Girardoni, ambayo askari wake walianza kupewa mnamo mwaka 1780, ilirusha vidonge vya mviringo vyenye upana wa karibu milimita 12, maana ilitengenezwa kwa ajili ya vita. Gharama yake ilikuwa jasho: kuijaza chupa ya hewa, ambayo ndiyo kitako chenyewe, kulihitaji kupiga pampu yapata mara 1,500.

Mlenga shabaha wa michezo hana haja ya nguvu hizo. Katika Olimpiki, ambako bunduki ya hewa iliingia mwaka 1984 mjini Los Angeles, kipenyo ni milimita 4.5 na umbali ni meta 10. Risasi yake ina kichwa bapa, nayo hukata karatasi tundu safi lisilozusha ubishi kwa mwamuzi. Lakini kichwa hicho hupingana na hewa mno; kwa mwenye kulenga meta 40, kichwa cha mviringo ni bora.

Kutoka 4.5 kwenda 5.5 ndipo wengi hudanganyika, wakidhani tundu kubwa huongeza nguvu. Tuseme bunduki ina nguvu ya jouli 16. Risasi ya nusu gramu itatoka kwa mwendo wa meta 250 hivi kwa sekunde. Ya gramu moja, meta 180 tu. Nguvu ni ile ile. Ile nyepesi hunyooka zaidi njiani. Ile nzito hushuka mapema, ila haisukumwi ovyo na upepo.

Risasi ya kawaida imebanwa kiunoni, nyuma ina uwazi kama sketi. Sketi hiyo hutanuka na kushika mifuo, kisha huituliza risasi hewani kama manyoya yanavyotuliza kipira cha badmintoni. Zipo pia risasi ngumu zisizo na kiuno, zinazofika mbali. Hizo hutulizwa na kuzunguka tu. Kwa hiyo zinataka mifuo iliyopindwa zaidi, na kwa kuwa ni nzito, hewa nyingi. Anayezitaka na amwambie fundi kabla mtutu haujakatwa.

Hata hivyo mitutu miwili ya fundi mmoja yaweza kupenda risasi tofauti. Yafaa kununua makopo madogo ya aina nne au tano, kupiga risasi kumi za kila aina kutoka mahali pamoja, na kupima matundu kwa rula. Nyumbani, makopo hayo yafungiwe pamoja na bunduki, mbali na watoto, na aliyezishika risasi anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa chakula, kwa kuwa madini hayo ni sumu.