Mguu Mkavu wa Mchuma Chai Una Gharama, na Gharama Hiyo Ina Wenyewe

Simulizi za Wasambaa zinasema kwamba Mbegha, mwanzilishi wa ukoo wa Wakilindi waliotawala milima ya Usambara kutoka Vuga, alikuwa mwindaji wa nguruwe pori. Kazi hiyo humtaka mtu apite vichakani alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka. Leo wawindaji ni wachache milimani humo, lakini wanaotembea kwenye majani yaliyolowa kila siku ni wengi. Hao ni wachuma chai wa Mponde na vijiji jirani vya Bumbuli, ambao huingia shambani ukungu ukiwa bado umetanda na kutoka vikapu vikiwa vimejaa.

Popote duniani, buti za kuwindia huuzwa kwa sifa mbili: huzuia maji, na mvaaji huweza kuzitembelea kutwa bila kuumia. Mchuma chai anahitaji sifa hizohizo. Kwake buti za namna hiyo si anasa. Ni kifaa cha kazi na ni kinga ya afya, na si haki gharama yake kuachwa mikononi mwa mchumaji peke yake.

Maji yanavyouharibu mguu

Ngozi ya wayo ni nene, na unene huo huwafanya watu waiamini kupita kiasi. Ikikaa majimaji kwa saa nyingi hufyonza maji, huwa nyeupe, hukunjamana na kulainika. Ngozi iliyolainika huchubuka kwa msuguano mdogo, na katikati ya vidole hupasuka. Fangasi hupata makazi hapo, na mpasuko huwa mlango wa bakteria wanaoweza kupanda hadi mguuni na kuleta uvimbe, joto, maumivu na homa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo mhudumu anayesubiri kuuona atachelewa. Ni makosa pia kumpa mgonjwa antibiotiki kwa ajili ya uvimbe, huku mpasuko wa vidole ulioanzisha maradhi ukiachwa bila kutazamwa na kiatu kilicholowa kikirudi naye shambani.

Baridi huongeza madhara. Katika majira ya baridi ya mwaka 1914 kuingia 1915, maelfu ya askari wa Uingereza waliokaa kwenye mahandaki yaliyojaa maji nchini Ufaransa na Ubelgiji walipatwa na ganzi, malengelenge na hata kuoza kwa miguu, ingawa miguu hiyo haikuganda kwa barafu. Maji na baridi ya kadiri vilitosha. Tatizo lilipunguzwa kwa hatua rahisi: soksi kavu, kukagua miguu kila siku, na kupokezana zamu za kusimama majini. Asubuhi za Juni na Julai huko Mponde hazifanani na baridi ya Ulaya, na mchuma chai halali handakini. Hata hivyo, funzo la hatua zile linamfaa, kwa kuwa hazikuhitaji dawa wala mtaalamu.

Kiatu kisichopitisha maji hakipitishi jasho pia

Kifaa kinachopatikana kwa urahisi ni buti za mpira, ambazo wengi huziita gambuti. Huzuia tope, miiba, visiki na, kwa kiasi kikubwa, meno ya nyoka anayegonga chini ya goti. Hata hivyo zina kasoro inayosahauliwa. Wayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye tezi nyingi zaidi za jasho, na mpira usiopitisha mvua kuingia haupitishi jasho kutoka. Mchumaji anaweza kurudi nyumbani buti zikiwa nzima, na miguu ikiwa imelowa kama ya aliyevuka mto.

Wawindaji walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1912 Leon Leonwood Bean, mwindaji wa jimbo la Maine nchini Marekani aliyechoshwa na miguu iliyolowa, alishona ngozi ya juu kwenye kiatu cha chini cha mpira, ili mpira uzuie maji na ngozi ipunguze uzito na joto. Kati ya jozi 100 za kwanza alizouza, 90 zilirudishwa kwa sababu mshono kati ya ngozi na mpira uliachia. Aliwarudishia wateja fedha zao, kisha akatengeneza buti imara zaidi. Hadi leo mnunuzi anapaswa kuanza ukaguzi wake kwenye maungio: mshono, gundi ya soli, na mahali buti inapokunjika mtu anapopiga hatua.

Namna ya kuchagua

Buti hujaribiwa jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo baada ya kazi ya kutwa, na hujaribiwa pamoja na soksi zitakazovaliwa shambani. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya takriban sentimita moja, maana mteremko wa Usambara husukuma vidole mbele na buti fupi huua kucha. Kisigino kisipande na kushuka. Kununua buti kubwa ili baba, mama na kijana wapokezane ni uamuzi unaoeleweka kwa mwenye kipato kidogo, lakini mguu unaocheza ndani ya mpira huchubuka, na buti za kupokezana huhamisha fangasi kutoka mguu hadi mguu.

Soli iwe na meno marefu ya kushika udongo mtelezi. Ukingo wa juu ufike chini kidogo ya goti bila kubana wala kukwaruza. Buti za mtumba zikunjwe kwa mikono mahali pa kukunjikia, kisha zisimamishwe ndani ya beseni la maji kwa dakika kadhaa. Mkono utakaoingizwa ndani utaonyesha kama zinavuja. Shambani, aproni ya plastiki na miguu ya suruali vining'inie nje ya buti. Suruali ikichomekwa ndani, maji yanayotiririka kutoka kwenye majani ya chai huongozwa moja kwa moja hadi kwenye vidole.

Soksi zina uzito sawa na buti. Pamba hunywa maji na kuyashika. Sufu, au mchanganyiko wa sufu na nailoni, huvumilia unyevu zaidi, na hupatikana kwenye magenge ya mitumba. Mchumaji awe na jozi mbili, ya pili ikae kwenye mfuko wa plastiki na kuvaliwa wakati wa mapumziko. Jioni buti zitolewe kitambaa cha ndani, zijazwe magazeti makavu au zipinduliwe juu ya vijiti viwili vilivyosimikwa ardhini. Moto wa jikoni hupasua mpira. Asubuhi zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa kuwa nge nao hupenda mahali pa giza.

Mwenye kisukari

Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika, suala hili linaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kijiwe kilichoingia ndani ya buti humsimamisha mtu mwingine baada ya hatua tatu, ila yeye hukitembelea hadi jioni. Kabla ya kuvaa, aingize mkono ndani ya buti na kupapasa. Usiku atazame nyayo na katikati ya vidole, au mtu wa nyumbani amtazamie. Programu ya mafunzo ya utunzaji wa mguu wa kisukari iliyoendeshwa Tanzania na India katika miaka ya 2000 ilijengwa juu ya mambo madogo ya namna hii: kufundisha, kukagua na kutibu kidonda kikiwa bado kidogo.

Nani alipe?

Wapo wazee wasemao kwamba mguu mtupu hukauka upesi na ngozi yake hukomaa. Wana sehemu ya ukweli. Mguu uliofungiwa ndani ya buti mbovu na soksi zilizolowa unaweza kuugua fangasi kuliko mguu wenye ndala. Lakini ngozi iliyokomaa haimzuii nyoka, wala kisiki chenye udongo unaobeba vijidudu vya pepopunda. Wanawake hupata chanjo ya pepopunda kliniki wakati wa ujauzito, ilhali wanaume wengi wazima hawajachanjwa tena tangu utoto. Hoja ya wazee inadai buti bora zaidi. Haihalalishi kukosa buti.

Ugumu mkubwa uko kwenye fedha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi wa shamba kubwa anaweza kuitaja sheria hiyo. Chai ya Mponde, hata hivyo, hutegemea wakulima wadogo wanaochuma kwenye vishamba vyao wenyewe. Hawana mwajiri, kwa hiyo hakuna anayewajibika kwa miguu yao. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, wakulima hao walikaa miaka mingi bila soko la karibu. Tangu hapo chai ya Mponde inapozungumzwa, hutajwa mashine, bei na mbolea. Buti hazitajwi, ingawa hakuna jani linalofika kiwandani bila kubebwa na mtu mwenye miguu miwili.

Suluhisho linajulikana tayari. Mkulima anaweza kupata mbolea kwa mkopo na kuilipa kidogo kidogo kwa chai anayouza. Buti na jozi mbili za soksi ziingizwe kwenye orodha hiyohiyo ya pembejeo, zinunuliwe kwa jumla na chama cha ushirika ili bei ishuke, na kila mchumaji apimwe saizi yake, wakiwemo vibarua ambao hawana shamba. Mnunuzi wa chai achangie sehemu ya gharama, kwa kuwa mchumaji aliyelala na mguu uliovimba humpunguzia majani.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao, na haihitaji bajeti. Kila mgonjwa wa mguu avuliwe viatu vyote viwili, vidole vitenganishwe na kutazamwa, na aulizwe anafanya kazi gani, amevaa nini na soksi zake hukauka wapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari la zahanati. Chama cha ushirika kikiletewa hesabu ya miguu iliyougua katika msimu mmoja wa masika, hakitakuwa na sababu ya kuacha buti nje ya orodha ya pembejeo.