Semeni Bei Kabla ya Kusema "Tutaenda"

Januari ni mwezi wa grupu mpya za WhatsApp. Mtu anaunda moja, anaweka picha ya mnazi, anaiita "Diani 2026", na kabla chai haijapoa watu wote wameandika "nimo". Halafu karo na kodi ya nyumba zinabana, grupu linanyamaza. Mei mmoja anauliza, "Kwani si tulikuwa tunaenda mahali?" Anajibiwa na emoji ya kicheko.

Kuota si shida. Shida, kwa maoni yetu, ni yale tunayoambiana na yale tunayofichana. Tarehe ya safari, mahali, hata nyumba tutakayolala, tunaweka kwenye status kila mtu aone. Bei, ambayo ni watu sita tu wanaohitaji kuijua, ndiyo hatuitaji. Tumegeuza mambo. Bei ingesemwa mapema kwa wanaohusika, na tarehe zingekaa kimya mpaka watu warudi nyumbani.

Anzeni na kalenda, kwa sababu hapo hakuna aibu. Mwaka huu Pasaka inatupa siku nne, Ijumaa 3 Aprili hadi Jumatatu 6 Aprili. Leba Dei, 1 Mei, ni Ijumaa. Madaraka, 1 Juni, ni Jumatatu. Hizo ni wikendi tatu ndefu bila kuomba bosi chochote. Mashujaa inaangukia Jumanne, kwa hivyo ukipewa ruhusa Jumatatu tarehe 19 Oktoba una siku nne. Jamhuri ni Jumamosi, na sheria husukuma sikukuu hadi siku inayofuata ikiangukia Jumapili tu. Hiyo imetuponyoka.

Tuchukue Madaraka: watu sita, Nairobi hadi Diani, kutoka Jumamosi asubuhi na kurudi Jumatatu. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na bado kuna watu wanaopiga hesabu ya elfu moja ya zamani. Kwenda na kurudi ni 3,000 kila mtu. Tuseme mmepata nyumba ya 9,000 kwa usiku. Usiku mbili ni 18,000, yaani 3,000 kila mtu. Chakula 1,000 kwa siku, 3,000. Weka 2,000 za matatu na tuktuk, maana hapa ndipo bajeti nyingi huvuja: kituo cha treni kiko Miritini, si Mombasa mjini, na Diani iko ng'ambo. Lazima mvuke feri ya Likoni au mzunguke na barabara ya Dongo Kundu, na kote huko kuna nauli. Ongezeni 1,500 za dharura. Jumla ni 12,500.

Januari hadi Mei ni miezi mitano. Hiyo ni 2,500 kwa mwezi, kama shilingi 83 kwa siku. Bei ya nyumba na ya chakula tumekisia, nyinyi mtaweka zenu, lakini mnaona vile mambo yanabadilika namba ikishaandikwa. "Twende Diani" ni maneno. "2,500 kila tarehe 5" ni kitu mtu anaweza kukubali au kukataa.

Na kukataa ndiko tunakokuogopa. Kila kikundi kina yule rafiki ambaye amejua tangu siku ya kwanza kuwa hawezi, lakini anaandika "tuko pamoja" mpaka wiki ya mwisho, kisha anapata "dharura ya nyumbani". Wengine wanakasirika, nyumba ishalipiwa kwa watu sita na sasa inagawanywa kwa watano. Huyo rafiki hakuwa mwongo. Hakuna aliyempa nafasi ya kusema "mimi 12,500 siwezi, lakini 4,000 naweza" bila kuonekana ananyima watu raha. Bei ikitajwa Januari, bado kuna muda wa kubadilisha safari yenyewe. Pengine wote wanaenda Naivasha kwa siku moja, wanakodi baiskeli na kuzunguka Hell's Gate, wanarudi jioni. Ni safari pia. (Mkienda huko, lipeni kiingilio kwa eCitizen mapema. Mbuga za KWS hazichukui pesa taslimu langoni.)

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe, eneo letu. Nani anaishika? Mara nyingi ni yule mwenye bidii, aliyeunda grupu, na anaishika kwenye laini yake ya kawaida. Hatumshuku. Lakini laini ya kawaida ina maisha yake. Kama huyo mtu ana deni la Fuliza, mchango wenu ukiingia tu, deni linakatwa kwanza, lenyewe, bila kuuliza pesa ni ya nani. Mlituma 2,500 za nyumba, zimelipa stima ya mwezi uliopita. Yeye anaona aibu kusema, anaamua atarudisha mwisho wa mwezi kimyakimya, na kuanzia hapo urafiki umeanza kuingia doa ingawa hakuna aliyeiba.

Kwa hivyo msiweke pesa ya watu sita kwenye laini ya mtu mmoja. Tumieni akaunti ya kikundi, ambapo pesa haitoki mpaka wawili au watatu waidhinishe. Kama hamna, basi angalau laini ya pili isiyo na mkopo wowote, na kila mchango ukiingia mwenye laini aweke ujumbe wa uthibitisho kwenye grupu. Jambo lingine: usimtumie mweka hazina shilingi 83 kila siku. Weka kidogo kidogo kwenye akiba yako mwenyewe, kisha utume mara moja kwa mwezi.

Wakati wa kulipia nyumba ndipo wajanja huingia. Picha ni safi, bwawa la kuogelea, bei iko chini kuliko zote mlizoona, na mwenye nyumba ana haraka: "Kuna watu wengine watatu wanaiulizia, tuma nusu sasa hivi niwawekee." Anataka itumwe kwa namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla hujaweka PIN si lile alilokuambia. Hapo simama. Mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mlango, akuonyeshe jiko. Kama una mtu Ukunda, hata binamu wa rafiki, mwombe apite aione. Namba ya Till yenye jina la biashara ni afadhali kuliko namba ya mtu, ingawa peke yake bado si ushahidi kwamba nyumba ipo. Tunasisitiza hili kwa sababu watu huamini kwamba malipo yoyote yanaweza kurudishwa. Pesa hurudi ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea. Akishaitoa kwa wakala, na huwa anaitoa mara moja, kinachobaki ni kwenda kituo cha polisi na ule ujumbe wa uthibitisho.

Kuna pia kushiriki mipango kwa njia isiyofaa hata kidogo, nayo ni namba za vitambulisho. Tiketi ya SGR inahitaji namba ya kitambulisho ya kila abiria, basi utaona watu sita wameanika zao kwenye grupu lenye watu kumi na tisa. Mtumie anayekata tiketi, peke yake.

Halafu ile status. "Siku 3 Diani!", picha ya begi, picha ya tiketi. Wengi hufikiria mwizi wa nyumba tu. Sisi humfikiria mama. Mtu aliyeona kwamba unasafiri Jumamosi anajua kwamba Jumamosi hiyo ujumbe huu utaaminika: "Mama, gari limeharibika Mtito Andei, simu yangu imezima, nitumie 3,000 kwa hii namba ya dereva." Siku ya kawaida mama angeuliza maswali. Siku ya safari anajua kweli uko njiani, roho inamruka, anatuma. Kelele zote za "usimwambie mtu PIN yako" hazimsaidii hapa, kwa sababu hakuna aliyemwomba PIN. Ametuma mwenyewe, kwa upendo. Kabla ya kuondoka, kaa naye dakika mbili: "Mama, nikikwama nitakupigia na utasikia sauti yangu. Ujumbe mtupu usiutumie pesa, hata ukiwa na jina langu." Mwambie pia shangazi na yule mdogo wako aliye chuo.

Mkirudi, posteni mpaka mchoke. Lakini tungependa muongeze kitu ambacho huwa hakionekani chini ya picha za machweo: mlilipa ngapi. Nyumba ilikuwa ngapi kwa usiku, tuktuk kutoka Ukunda hadi ufuoni ilikuwa ngapi, samaki mlimnunua wapi na kwa bei gani, ni kitu gani mlisahau kuweka kwenye bajeti. Kuna kikundi kingine kinachopanga Mashujaa, na hicho hakihitaji tena picha ya bahari.