Kishikwambi Hakifundishi Peke Yake



Wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi. Sensa ilipokwisha, Serikali iliwagawia walimu vifaa hivyo ili viwasaidie kufundishia. Sisi akina mama wa Kashai tulifurahi. Nani asiyejua jinsi watu wa Kagera tunavyopenda shule?

Lakini wauguzi tunajua jambo moja: kipimo cha shinikizo la damu hakimsaidii mgonjwa kama anayekishika hajafundishwa kukitumia. Kishikwambi nacho ni hivyo hivyo. Mwalimu aliyesoma chuo kisichokuwa na kompyuta hata moja anaweza kukifungia kabatini, si kwa uvivu, bali kwa kuogopa kukiharibu au kuaibika mbele ya watoto.

Hasara ni ya nani? Ni ya mtoto. Simu ataijua tu, kwani mitaani walimu ni wengi. Ila kujua kubonyeza siyo kujua kupambanua. Nani atamwonyesha habari ya kweli na ya uongo, au picha isiyofaa kutumwa?

Upo mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Walimu hukutana shuleni kwao na kufundishana masomo na mbinu za kufundisha. Hapo ndipo anayejua kufungua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania anaweza kumwelekeza mwenzake bila kumcheka.

Sisi tufanye nini? Kwanza, kwenye mkutano wa wazazi tuulize kwa upole: walimu wetu hukutana lini, na wanakosa nini? Tusinung'unike wanapotumia saa hiyo kujifunza. Pili, kama jirani au mkamwana wetu ni mwalimu, tumshikie mtoto na kumwinjikia ndizi jikoni siku ya mafunzo. Tatu, tusimdharau mwalimu mbele ya watoto ati hajui kompyuta. Mtoto akisikia dharau hiyo nyumbani, ataibeba mpaka darasani.

Mithali 22:6 inatukumbusha wajibu wa kumlea mtoto katika njia iliyo njema. Katika njia hii mpya, mwalimu ndiye mwenzetu. Tumtegemeze.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.