Karatasi ambayo Serikali haikuandika

Vijana wenzetu,

Kila mara karte za uchaguzi zinapotolewa, ama mtu anapoenda kuomba sertifika ya uraia, swali linarudi: "Babu yako aliingia hapa mwaka gani? Onyesha karatasi." Wengi wetu tunarudi nyumbani, tunafungua sanduku ya mzee, tunatafuta ile karatasi, tunaikosa. Tunaanza hata kufikiri kwamba mzee alituficha kitu. Tunasema wazi: kwa familia nyingi karatasi hiyo haikupotea. Haijawahi kuandikwa.

Tuchukue Masisi. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji walileta familia kutoka Rwanda, wakaziweka Gishari, kwenye udongo wa Wahunde. Mpango huo uliitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda, na uliendelea mpaka 1955. Wazungu walitaka kupunguza watu na njaa kule, na walitaka mikono ya kulima mashamba yao huku. Wenye udongo hawakuwa na nguvu ya kukataa, na wengi waliohamishwa vilevile. Nani angeomba uraia? Wa Rwanda na wa Congo, wote walikuwa chini ya Mbelgiji mmoja, wote aliwaita "indigène". Mtu alipewa buku, akaandikwa kwa kodi, basi.

Kiisha uhuru, sheria zikaanza kugeukageuka. Ile ya 26 Machi 1971 ilisema watu wa Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Congo tarehe 30 Juni 1960 ni raia, wote kwa mara moja. Ile ya 5 Januari 1972 ikapunguza: kwa Kivu, ni wale waliofika mbele ya 1 Januari 1950. Ile ya 29 Juni 1981 ikafuta hayo, ikarudi nyuma mpaka 1 Agosti 1885, na wengine wakaambiwa waombe mmoja mmoja. 1885! Ni rejista gani ilikuwa Masisi mwaka huo? Sheria ya sasa, ya 12 Novemba 2004, inatazama makabila yaliyokuwa ndani ya inchi wakati wa uhuru. Mnaona? Karibu kila mara sheria ilisema na kundi, si na mtu. Aliyepewa uraia ndani ya kundi hakupewa karatasi yenye jina lake, na aliyenyang'anywa mwaka 1981 pia hakuandikiwa barua.

Kama babu yako aliomba peke yake na akakubaliwa kiisha uhuru, hapo ndiyo, tafuta jina lake katika Moniteur congolais ama Journal officiel. Lakini hao ni wachache.

Kwa wengine alama ziko mahali pengine. Anza na parokia. Rejista ya ubatizo inaandika jina la baba, la mama, kijiji, msimamizi, na mara nyingi ndoa inaongezwa pembeni. Jihadhari na majina: mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, basi mzee mmoja anaweza kuwa Joseph katika ubatizo, kiisha akawa na jina lingine kabisa katika karte ya Zaïre. Bila kujua majina yote mawili utapita juu ya ukurasa wake bila kumuona. Kiisha parokia, uliza buku ya kazi, kama alilimia mkoloni ama alichimba madini. Uliza pia jina la chefu aliyekuwa akimlipia kodi, juu orodha za kodi zilipangwa kwa chefu, si kwa familia.

Na sehemu kubwa ya mafaili ya utawala wa koloni iko Bruxelles, katika arshive za taifa la Ubelgiji. Hii inatuchoma. Mtoto wa Goma aombe viza ili asome jina la babu yake? Tunadai Kinshasa iombe nakala za mafaili hayo, na ziwekwe hapa, katika miji ya mashariki, mwanafunzi azisome bila kulipa. Tunadai pia mapadri, wapastere na machefu wasaidiwe kupiga picha rejista zao. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma. Vita haijaacha komine nyingi na kabati nzima.

Hatusemi kila anayekuja na hadithi ya babu apewe uraia. Kuna wanaodanganya, na kuna wanaouza karte. Ndiyo maana tunataka rejista zifunguliwe, juu zikifungwa ni muongo anayefaidika. Lakini ofisa asimwambie mtu "wewe ni mgeni" kwa sababu tu hana karatasi ambayo Serikali yenyewe haikuitoa. Mwenye kushitaki ndiye alete ushahidi.

Neno moja kwa wanaotafuta: ukipata buku ya babu, usirushe picha yake kwa WhatsApp ya kartie. Katika inchi hii, orodha ya nani alitoka wapi imeshatumiwa kufukuza watu, na kuua. Weka nakala mbili, moja nyumbani, moja kwa mtu unayemwamini anayekaa mji mwingine. Na kama bibi yako angali hai, nenda kwake juma hili na kaye na bik. Muulize alibatizwa wapi, chefu alikuwa nani, na babu aliitwa nani mbele ya 1972.